UZI: Umimachi Diary (2015), mabinti wanne wa baba mmoja. Nani ana haki ya kumkumbuka marehemu?

Kasuku wa Pwani (mwanzisha uzi):

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nataka tuijadili filamu ambayo haina maiti ya kuchunguzwa wala siri ya kufichuliwa dakika ya mwisho, na bado kila nikiirudia naona jambo jipya. Ni Umimachi Diary ya mwongozaji Hirokazu Koreeda, iliyoshindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, Mei 2015 na kuingia kumbi za sinema za Japani mwezi uliofuata. Nje ya Japani wengi wanaijua kama Our Little Sister. Mwaka 2016 ilitwaa tuzo ya filamu bora kwenye Japan Academy Prize, pamoja na ya mwongozaji, ya upigaji picha na ya taa. Chimbuko lake ni manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Akimi Yoshida, mama yule yule aliyeandika Banana Fish. Manga hiyo ilianza 2006 kwenye jarida la Flowers la kampuni ya Shogakukan, ikaisha 2018 ikiwa na vitabu 9. Kwa hiyo Koreeda aliitengeneza filamu wakati hadithi yenyewe bado inaendelea.

Tahadhari: nasimulia mpaka mwisho. Asiyependa kuharibiwa utamu na aishie hapa.

Dada watatu, Sachi, Yoshino na Chika, wanaishi kwenye nyumba kongwe ya mbao ya marehemu bibi yao huko Kamakura, mji wa pwani kusini ya Tokyo. Baba yao aliondoka miaka 15 iliyopita akamfuata mwanamke mwingine. Mwaka uliofuata mama yao naye akaondoka, akawaacha mikononi mwa bibi. Sasa inaletwa habari kwamba baba amefariki huko Yamagata, kaskazini, kwenye mji mdogo wa chemchemi za maji moto. Wanakwenda msibani kwa wajibu tu. Huko wanakutana na Suzu, msichana wa sekondari ya chini, mtoto wa yule mwanamke aliyewavunjia nyumba. Mama yake Suzu alishafariki. Baba akaoa mke wa tatu, Yoko, na sasa Suzu amebaki na mama wa kambo ambaye hata kujimudu mwenyewe ni shida.

Tazameni jinsi Koreeda anavyotuonyesha hilo. Yoko analia, anataka Suzu ndiye asimame kuwashukuru waombolezaji kwa niaba ya familia. Sachi, aliyefika kwa kuchelewa akitoka zamu ya usiku hospitalini, anakataa palepale: hiyo ni kazi ya watu wazima. Baadaye anamwambia Suzu kwamba anajua ni yeye aliyemuuguza baba, na anamshukuru. Sachi ni nesi. Ameshaona wauguzaji wa kila aina, hakuhitaji kusimuliwa. Kisha stesheni, treni ikikaribia kuondoka, anamuuliza kama angependa kuja kuishi nao. Milango inajifunga na Suzu anajibu: nitakuja.

Wengi wanaielezea filamu hii kama hadithi tamu ya dada wanaopendana. Mimi naiona ni hadithi ya kugombea baba, ugomvi wa chini kwa chini ambao hakuna anayeutangaza. Anayegombewa ameshazikwa, kinachogombewa ni kumbukumbu zake. Sachi anamkumbuka vizuri, na ndiyo maana hasira yake ni kubwa kuliko za wenzake. Yoshino anamkumbuka nusunusu. Chika alikuwa mdogo mno, hana kitu. Suzu ana baba mzima kichwani, miaka yote ile ambayo wenzake walinyimwa, lakini kila akitaka kumtaja anakumbuka amekaa mezani kwa nani.

Ushahidi wangu ni dagaa. Pwani ile ni maarufu kwa dagaa wachanga weupe wanaoitwa shirasu. Dada zake wanamkaribisha kwa bakuli la wali uliofunikwa shirasu wabichi, na Suzu anasema ndiyo mara yake ya kwanza kuwala. Uongo. Baada ya muda anafunguka kwamba alipokuwa Sendai, mji walikoishi kabla ya Yamagata, baba yake alimpikia shirasu mara nyingi. Kuna mkahawa pale mjini wa mzee Fukuda, anayeigizwa na Lily Franky, ambako wanauza mkate wa kubanika wenye shirasu juu yake. Suzu akiula, anamwonja baba yake. Baba aliiokota ladha hiyo Kamakura, akaibeba hadi Sendai kwa mtoto mwingine, na mtoto huyo ameirudisha ilikotoka. Fukuda analijua hilo, na anamnong'oneza kwamba siku akitaka habari za baba yake aje tu bila kuaga mtu.

Kwa hiyo binti ana baba, lakini inabidi aende kumsikilizia mkahawani kwa siri. Sijaona filamu iliyoueleza upweke wa mtoto wa namna hii kwa vitu vichache hivyo.

Karibuni tujadili.

Mzee wa Reli:

Mkuu, umenikumbusha mbali. Nyongeza ndogo ya mazingira: treni unayoiona kila mara ni ya Enoden, reli fupi ya njia moja inayopita katikati ya nyumba za watu kisha inatokea ghafla kandokando ya bahari. Stesheni yao ni Gokurakuji, iko bondeni karibu na handaki, ndogo kabisa. Na Kamakura ndiko alikozikwa Yasujiro Ozu, mwongozaji ambaye Koreeda amekuwa akilinganishwa naye tangu zamani. Aliyewahi kuona filamu za Ozu za mabinti wanaoambiwa waolewe ataona kivuli chake kwenye veranda ile.

Kifungua Mimba:

Kasuku, uchambuzi mzuri, lakini umeiweka filamu kwenye mabega ya mtu asiye wake. Mwenye filamu ni Sachi. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu na nilimtambua tangu anavyokunja nguo.

Umeruka jambo zito kuliko yote: Sachi ana uhusiano na daktari mwenye mke. Mke wa Dr. Shiina ni mgonjwa wa akili, hawaishi pamoja, lakini ni mke. Yaani mwanamke aliyekaa miaka 15 akimlaumu baba kwa kumfuata mwanamke wa nje, yeye mwenyewe ndiye mwanamke wa nje wa nyumba nyingine. Halafu anamleta ndani mtoto aliyezaliwa na kosa hilo hilo. Usiku mmoja Suzu anamwambia kwamba mama yake alikosea, kumpenda mtu aliye na mke ni vibaya. Anasema kwa unyenyekevu kabisa, kwa nia ya kuwaomba radhi dada zake. Hajui anamchoma nani. Mtazameni Haruka Ayase, anayemwigiza Sachi, anavyoipokea sentensi ile. Anachojibu ni kwamba si kosa la mtu yeyote.

Hapo ndipo uamuzi wa Sachi unapoanza, ingawa filamu haikwambii. Shiina anapopata nafasi ya kwenda Marekani na kumwomba waende wote, anakataa. Hakatai kwa sababu hampendi. Anakataa kwa sababu ameshamtazama Suzu usoni na anajua gharama hulipwa na nani.

Kasuku wa Pwani:

Dada, hilo la Shiina nakupa haki yako yote. Lakini bado nasimama kwenye hoja yangu, maana hata Sachi kinachomsumbua ni baba. Kumbukeni kule mlimani. Mwanzoni, Yamagata, dada watatu wanamwomba Suzu awaonyeshe sehemu anayoipenda kwenye mji wake. Anawapeleka kwenye mwinuko, wanaangalia chini, wanashtuka: panafanana na Kamakura. Baba alikuwa akimleta pale. Muda mrefu baadaye Sachi anampandisha Suzu kilima cha Kamakura ambacho baba alimpandisha yeye utotoni. Mtu yule alihama nyumba, akabadilisha wake, akaendelea kutafuta kilima kile kile.

Na pale juu Sachi anapiga kelele akimwita baba mjinga. Suzu naye anapiga kelele, lakini yeye anamwita mama yake. Kisha analia kwamba alitaka kukaa naye zaidi. Kwa mara ya kwanza anaruhusiwa kumlilia yule mwanamke ambaye kwenye nyumba ile hata jina lake halitajwi. Na anayemruhusu ni Sachi, anamkumbatia na kumwambia anaweza kukaa hapa, siku zote.

Nahodha wa Ziwa:

Nitakuwa mtu wa kupinga, mnisamehe. Niliitazama mpaka mwisho na nikabaki na swali: ubaya uko wapi? Kila mtu ni mwema. Suzu anacheza mpira vizuri, anasoma, anaosha vyombo, hakasiriki. Watoto walioachwa siwajui hivyo. Mtoto aliyezika mama, akamzika baba, akabebwa na watu asiowajua, hawezi kuwa laini namna ile. Koreeda huyu huyu mwaka 2004 alitengeneza Nobody Knows, watoto wanne wametelekezwa na mama yao kwenye nyumba ya kupanga Tokyo, na hakutuficha kitu. Hapa naona amewaonea huruma watazamaji.

Kifungua Mimba:

Nahodha, Suzu anakasirika. Kumbuka siku alipolewa. Ile pombe ya plamu ya nyumbani anainywa bila kujua ukali wake, anaanguka kwenye mkeka, na kinachomtoka ni kwamba hampendi kabisa Yoko na kwamba baba yake ni mjinga. Dada zake wanamwinamia wakati amelala, wanamchunguza uso kama mtoto mchanga, anafanana na nani. Mtoto ambaye ulaini wake unaisha tu akilewa huyo si laini, amejibana.

Nahodha wa Ziwa:

Hilo nakubali kidogo. Lakini Yoko je? Mwanamke amefiwa na mume, amepewa dakika tano za kulia halafu filamu inamtupa. Dada watatu wanakuja, wanamhukumu, kisha wanamchukua mtoto. Mtu wa kumtetea hakuna.

Msomaji wa Manga:

Ndugu zangu, naomba niingie hapa kwa sababu vitabu ninavyo. Nahodha ana hoja kuhusu Yoko, na inaonekana Yoshida mwenyewe aliliona, kwa sababu baada ya kumaliza vitabu 9 alianza mfululizo mwingine, Utagawa Hyakkei, ambao umewekwa kule kule kwenye mji wa chemchemi za maji moto, na mhusika mkuu ni Kazuki, mmoja wa watoto wa kiume wa Yoko. Waliobaki nyuma treni ilipoondoka nao wakapewa hadithi yao.

Kuhusu tofauti za filamu na manga. Manga ina vichekesho vingi zaidi, sura zinachorwa za ajabu, dada wanarushiana maneno makali kwa kurasa kadhaa. Timu ya mpira ya Suzu, Shonan Octopus, ina nafasi kubwa sana, na kuna mwenzao anayepoteza mguu kwa ugonjwa, ambaye habari zake zinakwenda mbali. Koreeda amepunguza karibu yote hayo. Amebakisha nyumba, meza ya chakula, mazishi na hisani za majirani. Ilikuwa lazima achague, filamu ni ya saa mbili na dakika kadhaa. Mimi namdai ule utani wao, lakini siwezi kusema alichagua vibaya.

Jambo jingine linalojibu suala la Suzu kuwa laini: Suzu Hirose, mwigizaji wake, hakupewa hati ya filamu. Koreeda alikuwa akimwambia maneno yake papo hapo, siku ya kurekodi. Wale watatu wamekuja wamejiandaa, yeye anasikiliza. Ndiyo maana macho yake muda wote yanaangalia wenzake wanafanya nini kabla hajafanya. Ni macho ya mgeni, na hayakuigizwa sana.

Mama Wawili:

Habari zenu. Mimi niko Tanga, nimeiona kwa sababu ya uzi huu, jana usiku. Nawaambia ukweli, sehemu ya msiba ilinikaa vibaya kwa sababu tunaijua. Mtu anafariki, watu wamekaa kwenye mkeka, mara anaingia mtoto ambaye nusu ya ukoo haikujua yupo. Kila mtu anamtazama masikio na pua. Huku kwetu swali la kwanza huwa urithi. Wale mabinti hawakuliuliza. Walimuuliza sehemu gani unaipenda kwenye mji huu. Nimelifikiria swali hilo tangu asubuhi.

Na yule bibi anayewaonya, ndugu wa bibi yao, simwoni mbaya. Anawaambia kumlea mtoto si kama kufuga mbwa au paka, na kwamba huyu ni mtoto wa mwanamke aliyewavunjia nyumba. Anasema yale ambayo mtu mzima yeyote angesema. Ni mwigizaji Kirin Kiki huyo? Anaongea kama mama yangu mdogo.

Kasuku wa Pwani:

Ndiye, Mama Wawili. Marehemu Kirin Kiki, alifariki Septemba 2018. Alifanya kazi na Koreeda mara nyingi, hadi Manbiki Kazoku iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, mwaka huo huo.

Na umegusa urithi, tusiupite. Suala hilo lipo kwenye filamu, ila limepelekwa nyumba ya jirani. Yule mama Ninomiya mwenye mgahawa wa Umineko, anayewakaangia vibua tangu wakiwa wadogo, anadaiwa na kaka yake mgao wa urithi wa mama yao. Kaka hakuonekana miaka yote, amekuja sasa hesabu zikiwa mezani. Yoshino wa benki ndiye anayeshughulikia faili lake, na hapo Yoshino, ambaye mpaka wakati huo tumemjua kwa pombe na wanaume wasiofaa, anapata sababu ya kuipenda kazi yake. Ninomiya anaumwa, anaishia kwenye wodi ya Sachi ya wagonjwa wasio na tiba. Kabla hajafa anamwambia Suzu kwamba anawaonea wivu wazazi wake kwa kuacha hazina kama yeye duniani. Wazazi, wote wawili. Hakuna mtu mwingine kwenye mji ule aliyewahi kumsifia mama yake Suzu mbele yake.

Kisha mama mzazi wa wale watatu. Anakuja kwenye kisomo cha kumbukumbu ya bibi na kupendekeza nyumba iuzwe. Sachi anawaka: hukuwahi kuitunza hata bustani. Hapa nilidhani Koreeda angetupa suluhu ya machozi. Hakutupa. Siku ya pili mama anarudi na zawadi, hata ya Suzu ipo, wanakwenda kaburini wakiwa na miamvuli, halafu Sachi anakimbia nyumbani kumletea pombe ya plamu: chupa moja ya mwaka huu na nyingine ndogo, ya mwisho iliyotengenezwa na mkono wa bibi. Plamu ni za mti wa uani. Kila mwaka wanazichuma kijani, wanatoa vikonyo kimoja kimoja, wanazitoboa toboa, wanaziloweka na sukari kwenye pombe kali mpaka ziive. Mama anapokea harufu ya mama yake ndani ya chupa. Hakuna aliyeomba msamaha na hakuna aliyesamehe, lakini anaondoka akiwa amebeba kitu cha nyumba ile.

Nahodha, hapa ndipo nakujibu kuhusu Nobody Knows. Watoto wale wa Tokyo na hawa wa Kamakura wameachwa sawasawa. Kilichowatofautisha ni bibi na nyumba. Naamini Koreeda alilijua hilo, na huruma unayoiona ni ya bibi aliyefariki, ambaye hatumwoni hata mara moja lakini kila mtu anakula chakula chake.

Nahodha wa Ziwa:

Hapo umenishika. Naitazama tena wikiendi hii nikiwa na bibi kichwani.

Kifungua Mimba:

Nahodha ukiirudia mwangalie Chika. Watu wanamsahau kwa sababu anachekesha. Kuna siku wako wawili na Suzu, wanakula mchuzi wa kari wa Chika, uliopikwa na vipande vya samaki wa kusaga kama alivyopika bibi. Anasema yeye ladha anayoijua ni hiyo, baba hamkumbuki kabisa, na siku moja Suzu amsimulie. Suzu anaanza kwa woga: baba alipenda kuvua samaki. Chika naye anapenda kuvua. Uso wake unavyofunguka! Amepewa baba papo hapo, kutoka kwa mtu ambaye kila mwenye busara alisema ni adui.

Msomaji wa Manga:

Na baadaye Suzu anapimwa urefu kwenye nguzo ya nyumba, palipochorwa alama za wenzake tangu utoto. Baada ya hapo hahitaji tena kwenda kwa Fukuda kwa siri.

Mzee wa Reli:

Mmoja wenu aliuliza faragha kuhusu shirasu, kama ni dagaa hawa tunaowajua. Ni watoto wa samaki jamii ya dagaa na wale samaki wadogo waitwao simu, wadogo kama sindano. Huchemshwa kwa chumvi mara wakitoka baharini. Wabichi hupatikana siku ile ile ya kuvuliwa tu, na kwenye ghuba ya Sagami uvuvi wake hufungwa kuanzia Januari mpaka siku za mwanzo za Machi. Kwa hiyo bakuli lile la wali alilopewa Suzu halikuwa chakula cha kila siku. Lilikuwa heshima ya mgeni.

Mama Wawili:

Asante Mzee. Swali la mwisho kwa wataalamu: binti yangu wa miaka 14 anapenda manga. Nimwanzishie vitabu au filamu?

Msomaji wa Manga:

Filamu kwanza, mama, tena mkae wote wawili. Mwanzoni kabisa Yoshino yuko kitandani na mwanamume, hakuna kinachoonyeshwa, usishtuke. Baadaye mpe vitabu, kwa sababu huko Suzu anakuwa mkubwa mpaka wakati wa kuchagua kwenda kusoma Shizuoka kwa ajili ya mpira, na Chika ana mambo yake mazuri ambayo filamu haikuyafikia. Tafsiri ya Kifaransa ipo. Na mpigie chapuo muziki wa filamu, mtunzi ni Yoko Kanno wa Cowboy Bebop. Kama anafuatilia anime atalijua jina hilo kabla yako.